Wenye nyara za zamani waonyeshwe pa kuzipeleka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huenda wasomaji wengi wakaliona kuwa ni la watu wachache, ingawa naamini limejificha kwenye sebule na stoo nyingi za Moshi, Arusha, Iringa, Morogoro na kwingineko ambako watu wa rika la wazazi wetu waliwinda kwa leseni. Nazungumzia vichwa, mafuvu, pembe na ngozi za wanyamapori ambazo wenyewe wamezeeka, wanahama au wamekwisha kufariki, na walioachiwa hawajui wazipeleke wapi.

Mjomba wangu, ambaye sasa ana miaka 86, ameamua kuiacha nyumba kubwa ya Shantytown, hapa Moshi, na kuhamia nyumba ya vyumba viwili iliyo uani kwa binti yake Bomang'ombe. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye mashamba ya kahawa, na kila msimu alipopata likizo alikata leseni ya kuwinda, akaelekea Lolkisale au Simanjiro na rafiki zake wawili ndani ya Land Rover moja. Tulipoanza kuhesabu mwezi Juni, tulipata vitu 43: vichwa 17 vilivyojazwa, vikiwa na ngozi yake na macho ya kioo, mafuvu 21 yenye pembe yaliyopigiliwa kwenye mbao za mninga, ngozi nne, na kigoda kimoja kilichotengenezwa kwa mguu wa ndovu. Nyumba ya Bomang'ombe, kwa ukarimu wote wa binti yake, ina ukuta wa kutundika vitu viwili, labda vitatu iwapo televisheni itasogezwa.

Mgeni aliyeingia sebuleni kwa mjomba hakukosa kuuliza kwa nini ukuta mmoja una vichwa vizima na ule wa pili una mafupa matupu. Sababu yake ni mpaka. Kabla ya serikali kusimamisha uwindaji mwaka 1973, mjomba alikuwa anaichuna ngozi ya kichwa na shingo kwa uangalifu, anaipaka chumvi, anaianika kivulini, kisha anaituma kwa fundi Nairobi, na baada ya miezi kadhaa kichwa kinarudi kwa basi kikiwa kimeshonewa kwenye gunia. Uwindaji uliporuhusiwa tena mwaka 1978, mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983, na Wakenya wenyewe walikuwa wamepiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka uliofuata. Kwa hiyo mjomba akawa anachemsha fuvu uani kwenye pipa, analisugua kwa majivu na kulianika juani, kisha analipigilia kwenye ubao. Marehemu mkewe hakuipenda harufu ile hata siku moja, na ndiye aliyeamuru pipa lihamishiwe nyuma ya banda la kuku.

Nayaeleza haya kwa sababu mtu anayesikia neno "nyara" siku hizi humfikiria jangili moja kwa moja. Mjomba ana bahasha ya kaki yenye leseni zake tangu mwaka 1963, nyingi zimekuwa za njano na baadhi zimetobolewa na wadudu, pamoja na daftari la shule ambamo aliandika kwa penseli jina la mnyama, mahali, tarehe na idadi ya risasi. Kwa karatasi hizo tumeweza kuvithibitisha vitu 38 kati ya vile 43. Vitano vilivyobaki ndivyo vinavyotukosesha usingizi. Vitatu ni mafuvu ya swala pala ambayo leseni zake zimepotea. Viwili ni ngozi ya chui na kile kigoda cha mguu wa ndovu, ambavyo aliachiwa na jirani yake, mlowezi wa Kigiriki, aliyeondoka baada ya mashamba makubwa ya kahawa kutaifishwa mwaka 1973. Jirani yule alimwambia tu, "Nitunzie hivi, nitarudi." Hakurudi.

Wasomaji wa gazeti hili wanaijua sheria, angalau kwa kusoma habari za mahakamani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamkataza mtu kuwa na nyara ya serikali, yaani mnyamapori au kiungo chake, kuinunua au kuiuza bila kibali, na kwa mnyama wa kundi la juu kama chui au ndovu adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 20 hadi 30, achilia mbali kwamba makosa ya aina hiyo hushtakiwa kama uhujumu uchumi. Sina ugomvi na ukali huo. Tulikuwa tunawapoteza ndovu kwa maelfu, na bila sheria yenye meno pengine wajukuu zetu wangemwona ndovu kwenye noti tu. Ninachouliza ni kidogo zaidi: mzee ambaye hataki tena kuwa na kitu hicho, anayetaka kukikabidhi kwa mikono yake miwili, apite njia gani bila kugeuka mtuhumiwa akiwa njiani?

Tulijaribu. Ofisi ya kwanza tuliyokwenda ilitupokea kwa heshima, ikatuambia tupeleke vitu vyote vikaguliwe. Niliomba kibali cha kuvisafirisha, kwa kuwa kutoka Shantytown hadi hapo ofisini tungepita mbele ya askari wa barabarani tukiwa na mguu wa ndovu nyuma ya pikapu. Ofisa akanijibu kuwa kibali cha kusafirisha hutolewa baada ya mali kukaguliwa. Nilipouliza ukaguzi hufanyikia wapi, akasema hapo hapo ofisini. Tulitazamana kidogo, naye akacheka kabla yangu. Ofisi ya pili iliahidi kutuma mtu nyumbani endapo tungegharamia mafuta ya gari. Tulikubali, na hadi leo naandika barua hii hajafika. Mahali pa tatu, mtu mmoja mwenye nia njema alinivuta pembeni akaniambia, "Mwalimu, nyamazeni tu. Mzee akifariki mtajua la kufanya." Huo ndio ushauri ulioniudhi kuliko yote, maana kitakachobadilika mzee akifariki ni kwamba mwenye kukamatwa atakuwa binti yake.

Simlaumu ofisa yeyote kati ya hao, kwani kila mmoja alijibu kadiri alivyoelekezwa, nami natambua kuwa ofisi hizo zina majangili wa kweli wa kushughulika nao. Lakini nakumbuka haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1989, wakati wa Operesheni Uhai, ule msako wa majangili wa ndovu, mjomba alikuwa na jozi ya pembe za ndovu aliyempiga kwa leseni mwaka 1968, kila pembe ikiwa imegongwa namba. Alisikia redioni kuwa biashara ya pembe inaelekea kufungwa dunia nzima, na kweli mwezi Oktoba mwaka huo mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ukamweka ndovu wa Afrika katika orodha ya kwanza. Mjomba alizifunga pembe zile kwenye blanketi, akazipeleka mwenyewe. Ofisa alilinganisha namba na karatasi, akaandika risiti kwa mkono, akampa chai. Mjomba husema shughuli nzima haikuzidi dakika 40, na risiti yenyewe bado imo ndani ya ile bahasha ya kaki.

Kilichobadilika, kwa maoni yangu, ni hofu. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, msako mwingine wa majangili, ilisimamishwa baada ya malalamiko ya wananchi kufika bungeni, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Lakini kwa wazee wengi kumbukumbu iliyobaki ni ya magari yanayoingia uani alfajiri. Mzee wa aina hiyo hawezi kuamini kuwa atakwenda ofisini na ngozi ya chui na kurudi nyumbani kula chakula cha mchana. Matokeo yake ni kwamba vitu vinafichwa, na kilichofichwa ndicho kinachowavutia wasiotakiwa. Mwezi Agosti kijana nisiyemfahamu alisimama getini kwa mjomba, akaamkia kwa adabu zote, kisha akauliza kama mzee ana kucha za simba au kipande cha ngozi ya chui, hata kidogo kama kiganja, kwa ajili ya dawa. Alijuaje? Mafundi waliokuja kupaka rangi walikuwa wameona. Tangu siku hiyo ngozi ile imo ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, jambo ambalo mbele ya hakimu lingeonekana baya kuliko kuiacha ukutani.

Wapo watakaosema, chomeni moto, yaishe. Nimeambiwa hivyo na ndugu zangu wa damu. Kwanza, kuharibu nyara kiholela bila shahidi kunaweza kuzua maswali yale yale ya kisheria. Pili, na hili nalisema kama mtu aliyefundisha baiolojia kwa miaka 31, moshi wake unaweza kuwa na sumu. Mafundi wa zamani walikuwa wakipaka upande wa ndani wa ngozi sabuni yenye aseniki ili isiliwe na wadudu. Sabuni hiyo ilibuniwa karne ya 18 na Jean-Baptiste Bécoeur, mtaalamu wa dawa wa mji wa Metz nchini Ufaransa, na katika nchi nyingi aseniki iliendelea kutumika kwa kazi hiyo hadi miaka ya 1980. Aseniki haiozi wala haiishi nguvu. Inabaki kwenye ngozi, na ngozi inapokauka na kupasuka, inatoka pamoja na vumbi.

Kila mwaka kabla ya Krismasi, marehemu mke wa mjomba alikuwa akipanda kwenye kiti na kuvipiga vichwa vile kwa fagio la chelewa hadi vumbi likajaa sebuleni, nasi watoto tukiwa chini tunapokea pamba na nywele zinazodondoka. Mwaka huu mjukuu wa miaka minne alikutwa chini ya meza akichezea gololi kubwa ya rangi ya kahawia. Nilipoiangalia ilikuwa jicho la nyati, limechomoka kwenye udongo wake na kuacha shimo ambalo ndani yake mna unga wa kijivu. Tulimwosha mtoto mikono kwa sabuni mara tatu. Sijui kama nyati yule alipakwa aseniki au la, na ndilo tatizo lenyewe, kwa sababu bila kupima hakuna ajuaye. Kwa walio na vitu vya aina hiyo nyumbani, nawasihi wasivipige vumbi vikiwa vikavu, wavae glavu na barakoa wanapovishika, wavifunike kwa nailoni, na wasivitupe jalalani ambako watoto na mbwa watavikuta.

Tusidhani kuwa tatizo hili ni letu peke yetu. Mwezi Agosti 2023, bustani ya wanyama ya mji wa Sioux Falls, jimbo la South Dakota nchini Marekani, ilifunga ukumbi wake wa makumbusho wenye wanyama waliojazwa wapatao 150, baada ya vipimo kuonyesha kuwa wengi wao wana aseniki. Wanyama hao walikusanywa na mwindaji mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Henry Brockhouse, aliyewaonyesha dukani kwake kabla hawajawa mali ya mji. Mji wenye wanasheria na fedha ulijikuta hauwezi kuwauza, kwa kuwa sheria za nchi hiyo za kulinda wanyama walio hatarini zinazuia, na ulipotaka kuwaondoa kabisa, wananchi wakapinga. Ikiwa mji mzima ulikwama, mjomba wangu na bahasha yake ya kaki atafanyaje?

Zaidi ya hofu ya sumu, ipo sababu nyingine ya kutochoma. Wale simba wawili wa Tsavo, Kenya, waliowala wajenzi wa reli waliuawa na John Henry Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja la reli hiyo, mwezi Desemba 1898, na kwa karibu miaka 25 ngozi zao zilikuwa mazulia nyumbani kwake, zikikanyagwa na wageni. Mwaka 1924 aliziuza pamoja na mafuvu kwa makumbusho ya Field ya Chicago kwa dola 5,000, na mafundi wa huko wakazijaza upya. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza nywele zilizonasa kwenye matundu ya meno yaliyovunjika ya simba wale, wakatambua za twiga, choroa, kuro, pundamilia, nyumbu na binadamu. Miaka zaidi ya 120 baadaye, meno ya simba yalisema alichokula. Mtu yeyote angeona mazulia yale chakavu angeshauri yatupwe.

Sidai kwamba kongoni wa mjomba atafichua siri ya aina hiyo. Lakini daftari lake linasema kongoni huyo alipigwa mahali fulani, tarehe fulani, mwaka 1963, katika uwanda ambao sehemu kubwa yake leo ni mashamba ya maharage na mahindi. Pembe yenye mahali na tarehe inamfaa mtafiti. Ikitenganishwa na daftari inakuwa pambo la baa. Ndiyo maana jambo la kwanza tulilofanya ni kuandika namba kwenye kijikaratasi na kukifunga kwa uzi kwenye kila kichwa, namba hiyo hiyo tukaiandika kwenye daftari jipya mkabala na maelezo ya mjomba, naye akikaa kwenye kiti chake na kutusahihisha. "Huyo si wa Lolkisale, huyo ni wa Naberera. Angalia pembe ya kushoto, ilivunjikia kwenye mwamba." Kazi ya siku mbili ilituchukua wiki tatu kwa sababu kila mnyama alikuwa na hadithi, na sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Baada ya hapo tulitenga. Vichwa vitano vimeliwa na wadudu kiasi kwamba ukikigusa sikio linabaki mkononi; hivyo havina faida kwa yeyote, ila hata kuviteketeza tunahitaji mtu wa serikali ashuhudie. Chuo kimoja kimeonyesha nia ya kuchukua mafuvu sita kwa ajili ya wanafunzi kujifunza kutambua wanyama kwa pembe, mradi mamlaka iridhie kwa maandishi. Shule ya sekondari niliyofundisha ingependa kichwa cha pofu na cha kuro, lakini mkuu wa shule, ambaye ni mtu makini, amekataa kupokea chochote bila karatasi, na nampongeza. Mpwa wangu aliyeko Kanada aliomba pembe za tandala. Nilimweleza kuwa, ingawa tandala mkubwa hayumo katika orodha za CITES, kuitoa pembe hiyo nchini bila kibali cha hapa ni kosa, na kwamba gharama ya vibali, daktari wa mifugo na kusafirisha inatosha kumleta yeye mwenyewe likizo kuja kumsalimia mzee. Hajaandika tena.

Mapendekezo yangu si makubwa. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, itangaze kwa Kiswahili chepesi, redioni na kwenye mbao za matangazo za kata, kwamba mwenye nyara ya zamani asiyeihitaji apige simu kwenye namba fulani, naye atafuatwa nyumbani. Ni rahisi zaidi kwa gari la serikali kubeba mguu wa ndovu kuliko pikapu ya raia. Zitengwe siku maalumu katika kila wilaya, tuseme miezi mitatu, ambapo anayekabidhi kwa hiari hatashtakiwa kwa kile alichokabidhi, na apewe risiti kama aliyopewa mjomba mwaka 1989. Nafahamu pingamizi litakalotolewa, kwamba majangili watautumia mwanya huo kusafisha mali zao. Jibu langu ni kwamba jangili hakabidhi bure kitu chenye soko. Anayekabidhi bure ni yule anayetaka kulala usingizi. Hata hivyo, ikionekana vema, pembe za ndovu na za faru zenye hali mpya zisiingizwe katika utaratibu huo, zichunguzwe kwa njia zake za kawaida.

Vilivyo vizima na vyenye kumbukumbu vipelekwe mahali vitakapotumika. Tuna Makumbusho ya Elimu Viumbe pale kwenye Boma la Mjerumani Arusha. Tuna Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, umbali mfupi tu kutoka hapa ninapoandikia. Tuna chuo cha Pasiansi kule Mwanza, na shule za sekondari ambazo mwanafunzi anafundishwa tofauti ya pembe na kwato kwa picha ya ubaoni. Wataalamu wavipime kwanza kama vina aseniki, na vyenye sumu vihifadhiwe kwenye kabati la kioo au viteketezwe kwa utaratibu wa taka za sumu. Haihitaji sheria mpya ya Bunge kuanza. Kinachotakiwa ni karatasi moja ya mwongozo na ofisa mmoja katika kila mkoa anayejua kuwa hiyo ni kazi yake.

Kwa upande wetu, mjomba ameomba abaki na kimoja tu, yule kongoni wa mwaka 1963 ambaye leseni yake ipo. Si mzuri, manyoya ya shingoni yamekwisha na jicho moja limepauka. Nilimshauri achague tandala, ambaye kila mgeni humsifia. Akanitazama kama anavyomtazama mtu asiyejua kitu, akasema, "Huyo mniachie. Nyama yake ndiyo iliyoliwa kwenye harusi yangu."

Mpangaji mpya wa nyumba ya Shantytown anaingia tarehe mosi mwezi ujao. Vitu vilivyobaki vimo stoo chini ya turubai, na sanduku la bati lipo chini ya kitanda cha mzee. Ofisi yoyote inayohusika itakayosoma barua hii itapata anwani yetu kwako, Mhariri, na tunaomba ije kabla ya tarehe hiyo.

Mwalimu mstaafu,
Moshi, Kilimanjaro.